Ghorofa ya Juu na Muuaji wa Mfuga Nyuki

Jumatatu, 16 Septemba

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa, na bado nikiamka namtazama Dunja kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaogopa mwenyewe atarudi kukidai. Mke wangu! Nimeliandika neno hilo pembeni mwa ukurasa, nikaona haya, nikalifuta. Nimeliandika tena.

Pilipili hoho zimefika. Magunia kumi na mawili, nyekundu tupu, zimejaa ua mpaka mlango wa banda la kuku. Wiki nzima tutazichoma, tutazimenya, tutazisaga na kuzipika mpaka ziwe ajvar ya kupaka mkate majira yote ya baridi. Kila nyumba kijijini inatoa moshi. Nywele za Dunja zinanukia moshi. Manukato ya mjini yakae pembeni.

Jambo kubwa la leo: mama mkwe wangu, Mama Radojka, amekubali tusikilize kitabu tukimenya. Ni cha nne katika mfululizo wa Sajenti Gvozden, polisi wa kijiji cha milimani mwenye gari lisilowaka na mbwa asiyebweka. Safari hii mfuga nyuki amekutwa amekufa kati ya mizinga yake. Msomaji ana sauti nzito, kama anasomea ndani ya pipa. Simu ya Dunja inakaa dirishani ndani ya mfuko wa plastiki, spika juu ya ndoo, na sheria ni moja: asiyemenya hasikilizi.

Na kuna dau. Mama Radojka amesema atakayemtaja muuaji kabla ya sura ya mwisho, siku ya Jumamosi, aombe jambo moja katika nyumba hii, naye hatakataa.

Jambo langu ninalo: ghorofa ya juu. Marehemu baba mkwe aliijenga akafariki kabla ya kutia vioo, na sasa wanaishi humo vitunguu na cherehani mbovu. Mimi na Dunja tunalala chumba cha kando ya jiko, ukuta mwembamba kama karatasi. Leo asubuhi nilimnong'oneza mke wangu kwamba yeye ndiye jua langu. Mama Radojka akajibu toka jikoni kwamba jua hilo lichomoze upesi, mbuzi hajakamuliwa.

Isitoshe mimi ni domazet, mwanaume aliyehamia kwa wakwe. Kijijini wanasema nimeolewa. Jirani yetu Mzee Tihomir, polisi mstaafu anayekuja kumenya bila kualikwa, ameniuliza kama nilikuja na kasha langu la bibi harusi, la mashuka na vitambaa nilivyofuma mwenyewe. Mama Radojka alicheka mpaka akaangusha kisu. Mwanaume mwenye ghorofa yake haulizwi maswali kama hayo.

Jumanne, 17 Septemba

Mpango umenijia nikinawa uso. Kitabu kile kile ninacho kwenye simu yangu. Nikisikiliza mbele kidogo kidogo kwa siri, Jumamosi namtaja muuaji, Jumapili tunahamia juu. Kweli, wiki ya kwanza ya ndoa mimi na Dunja tuliahidiana kila sura tutaisikiliza pamoja. Lakini ile ahadi ilikuwa ya mapenzi, na hili nalifanya kwa mapenzi. Yanalingana.

Nikavaa kofia ya sufu, na chini yake kidude cha kusikilizia, sikio la kulia. Jua lilikuwa kali, na mbele yangu jiko la kuni. Jasho likanitiririka mpaka kwenye pilipili. Mzee Tihomir akauliza kama redio imetangaza theluji. Nikajibu upesi kwamba sikio linauma, nimepigwa na upepo wa milango miwili.

Jibu la kipaji! Hapa kwetu mtu atabishana na padri na daktari, lakini upepo unaopita kati ya milango miwili haubishiwi. Watu wanauogopa kuliko mbwa mwitu.

Shida ni kwamba niliaminiwa mno. Mama Radojka alitupa kisu, akapasha mafuta moto, akaponda kitunguu saumu na kunijia mbio. Kile kidude nilikiwahi nikakitia mdomoni. Sikio likazibwa, kichwa kikafungwa kitambaa chenye maua. Nilimenya mchana kutwa nikifanana na bibi yake Dunja, tena bibi asiyesikia vizuri.

Baya zaidi lilikuja jioni. Mama Radojka aliyatazama yale madirisha ya juu yasiyo na vioo, akatikisa kichwa. Akasema kule upepo unaingia huku unatokea kule, na mtu mwenye sikio kama la mkwe wake hafiki Krismasi.

Dunja amenibusu juu ya kitambaa. Anasema maua yananipendeza.

Jumatano, 18 Septemba

Kitunguu kingali sikioni, na cha pili kimeongezwa sikio la kushoto, kwa tahadhari. Sura nne zimepita bila mimi kusikia neno. Ilibidi Dunja anisimulie. Anasimulia kwa moyo wote, lakini anamlilia marehemu na kuruka ushahidi. Nimejua mjane alivaa nini mazishini. Nani alikuwa wapi saa ya mauaji, sijui.

Mzee Tihomir ameshasema mtu wake, hadharani: baba wa ubatizo wa marehemu. Visu vyote vilisimama. Mama Radojka alijiwekea ishara ya msalaba, akamwambia, "Tihomir, ulimi wako ukauoshe. Baba wa ubatizo ni damu kuliko damu." Mzee akaendelea kumenya. Akasema alikaa polisi miaka thelathini na moja, na siku zote ni yule ambaye watu wanaona haya kumhoji. Tena nyuki hawakumuuma muuaji, maana yake walimzoea.

Niliangua kicheko cha dharau. Kwa sababu ya vitunguu kilitoka kikubwa kuliko nilivyokusudia. Kuku walikimbia.

Alhamisi, 19 Septemba

Namjua muuaji! Namjua! Wino umeniruka kwenye shati.

Leo tumeanza kupika. Ajvar inakorogwa kwa muda wa saa sita bila kupumzika, mpaka mwiko ukipita uache njia kwenye kitako cha sufuria. Asiyekoroga anaunguza, mtoto mdogo anajua hivyo. Nikajitolea. Wengine wakaenda ndani kula maharage, na Mama Radojka akanisifu, mara ya kwanza tangu harusi. Nikabaki peke yangu na sufuria kubwa kama beseni la kuogea.

Vitunguu nje, kidude ndani. Nikapeleka kitabu mbele kwa kidole gumba. Kidole kilikuwa na mafuta, kikateleza, nami nikabonyeza tu nilipofika. Na hapohapo nikaangukia penyewe. Sajenti Gvozden yumo zizini, mvua inapiga paa, na mbele yake mke wa daktari wa mifugo anakiri kila kitu huku akilia. Kamba alinunua yeye. Buti alizitupa yeye. Nilisimama nimeinua mwiko kama mshika mshumaa kanisani.

Mwanamke huyo simkumbuki, lakini bila shaka alitajwa jana nikiwa na kitunguu saumu.

Kisha nikasikia harufu. Kwenye kitako cha sufuria palikuwa na duara jeusi la upana wa sahani.

Niliwaambia kuni zilikuwa mbichi. Mama Radojka alionja, akazitazama kuni, ambazo zimekaa juani miaka mitatu, akaanza kukwangua sufuria. Afadhali angenitukana. Mzee Tihomir naye alionja, akanitazama mimi, si kuni. Dunja akasema mbele ya wote kwamba wapo watu wanaoipenda ikiwa na ladha ya moshi. Mke wa namna hii anastahili ghorofa mbili.

Jumamosi, 21 Septemba

Naandika polepole.

Baada ya sura ya tatu toka mwisho, kila mtu aliweka karatasi yake chini ya mtungi mtupu. Dunja: mwenye kinu. Mama Radojka: mpwa wa marehemu. Mzee Tihomir: baba wa ubatizo, kama alivyosema. Mimi sikuandika. Nilisimama, nikazunguka ua mikono mgongoni kama Sajenti Gvozden, nikawaeleza yote. Zizi. Mvua. Kamba. Machozi. Nikanyoosha kidole kuelekea banda la kuku na kumtaja mke wa daktari wa mifugo.

Dunja akaniuliza taratibu, daktari gani wa mifugo?

Mzee Tihomir alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akauliza mvua hiyo ilinyesha lini, maana kitabu kizima ni ukame, na watu wanagombania maji toka sura ya kwanza. Nikasema labda manyunyu. Akasema, "Kijana, hebu lete simu." Nikamletea, sijui kwa nini. Sauti yake ile hata wewe ungemletea. Akaitazama akiwa ameishika mbali na macho, akawaonyesha wengine. Kitabu cha tano. Kidole changu kilipita mwisho wa cha nne kikaenda kutua kwenye kitabu kingine.

Hakuishia hapo. Akauliza nilisikiliza saa ngapi, simu ikamjibu: Alhamisi, saa saba mchana. Akaitazama sufuria. Akauliza na kuhusu kofia ya sufu ya Jumanne. Kesi tatu kwa dakika mbili, bila kunyanyuka kwenye kigoda. Mama Radojka akasema maneno mawili tu: "Ajvar yangu."

Hayo yote ningeyabeba. Lakini Dunja hakunicheka wala hakukasirika. Aliniuliza kama kweli nilisikiliza bila yeye. Nikasema kidogo. Akageuka akaendelea kumenya pilipili iliyokuwa imeshamenywa.

Sura ya mwisho ilimtoa muuaji: baba wa ubatizo. Mzee Tihomir hata hakutabasamu. Aliomba chumvi.

Jumapili, 22 Septemba

Nimesamehewa! Tulikwenda chini ya miti ya peasi, tukasikiliza pamoja zile sura nne zilizonipita, toka mwanzo, mkono wake mkononi mwangu. Alilia tena pale pale alipolia Jumatano. Nami nililia. Mke wangu.

Tuliporudi tulimkuta Mzee Tihomir amekaa uani na shati lililopigwa pasi. Amekuja kuomba jambo lake moja. Akasema anaomba ghorofa ya juu. Akanywa maji. Akasema, na Radojka awemo.

Mama mkwe aligeuka mwekundu kuliko gunia la pilipili. Akasema amekuwa mjane miaka tisa na hakutegemea kuposwa akiwa na ndala. Kisha akasema dau ni dau.

Kwa hiyo mzee anahamia kwa mke, domazet kama mimi! Nilimuuliza kuhusu kasha lake la mashuka. Akasema litafika Alhamisi, nimsaidie kulipandisha.

Ghorofa imekwenda, lakini mimi siyo mtu wa kukata tamaa. Kesho tunaanza kupika jamu ya plamu, na kitabu cha tano. Nimependekeza dau jipya. Wa kwanza kumtaja muuaji anachukua ghorofa. Wa mwisho anatia vioo madirisha yote manane na kupaka chokaa, peke yake.

Nilidhani watabisha. Wamekubali palepale, Mama Radojka hakumaliza hata kahawa yake. Mzee Tihomir alinishika mkono mara mbili. Na wote watatu wameshaandika karatasi zao na kuziweka chini ya mitungi, bila kusikia hata sura ya kwanza. Dunja alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Wanabahatisha, maskini, nami nawaonea huruma. Yangu nitaiweka Jumamosi, mtu asije akashuku kwamba muuaji namjua tayari.