Kidari cha Mzee Sifael

"Wazee, posa imekwama Machame!"

Katekista alitoa habari hiyo kabla hata hajakaa kwenye benchi letu la kahawa hapa Bomang'ombe. Jina lake Wenseslaus, na ukatekista wenyewe ni kuimba besi misibani tu.

"Posa ya nani?" akauliza Mektrida, muuza kahawa wetu, mwenye mafungu ya nyanya kando ya birika.

"Ya huyo anayekuja."

Tukageuka. Godbless huyo, kajiinamia, na suti ya jana. Karudi kutoka Dar amuoe Kindness, binti wa Mzee Sifael.

"Shikamooni."

"Marahaba. Umefanya nini ukweni?"

"Sijafanya kitu! Nimepeleka mbuzi. Ila kuepusha usumbufu nilimpitisha buchani, wakamkata kwa mashine. Vipande saizi moja, kwenye mifuko. Kila mtu na fungu lake, sawa kwa sawa."

Mektrida akatua birika. "Mae! Na kidari cha baba mkwe?"

"Kimo humohumo."

"Humo wapi?"

"Mzee naye kauliza hivyohivyo. Kafungua mfuko, kafungua mwingine, kote vipande. Akasema, 'Kijana asiyejua kifua cha mbuzi kilipo, binti yangu atamtunzaje?' Nikatimuliwa. Aisee, nampenda Kindness! Nisaidieni."

Mzee Eliufoo, tunayemwita Bajeti kwa kuwa alistaafu serikalini, akakohoa. "Fungu lina mwenyewe, meku. Fungu la barabara huwezi kulipeleka kwenye semina."

"Si ndiyo mliyokuwa mkifanya?" akadakia Mektrida.

"Fungu ni moja tu, la kumi," Katekista akasema. "Mengine ni nyanya zako, Mektrida, nzuri juu, zilizooza chini."

"Ukome! Kijana analia hapa!"

Tukakata shauri: Godbless anunue mbuzi mwingine, mbuzi huyo aende ukweni mzima kwa miguu yake, nasi tuwasindikize.

"Kweli wazee? Bure?"

"Bure kabisa," akasema Katekista. "Shingo tu, maana habari nimeleta mimi."

"Na paja la mshenga," akasema Bajeti, aliyejipa ushenga papo hapo.

"Kichwa na utumbo vyangu," Mektrida akasema. "Supu nani ataipika?"

Mimi sina makuu. Nikachukua maini.

"Kidari je?" akauliza Katekista.

Bajeti akajiweka sawa. "Kidari ni cha mkubwa. Kwenye benchi hili mkubwa nani?"

Tukampigia makofi. Godbless alikuwa akihesabu kwa vidole, akasita.

"Sasa baba mkwe anakula nini?"

Bajeti akatazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa na mawingu, hauonekani kabisa.

"Mwambie," Katekista akajikakamua, "mbuzi wa siku hizi wanazaliwa hawana kidari."

Godbless akanyanyuka, akafunga vifungo vya koti.

"Unakwenda wapi?"

"Mnadani. Mbuzi nitamfikisha mwenyewe, mzima, mpaka mkononi mwa mzee. Amgawe yeye."

Akaondoka, na maini yangu yakaondoka naye. Roho iliniuma, sifichi.

Mektrida akakusanya vikombe. "Haya wazee, fungu la kukosa hilo. Na hili halina haja ya mashine, tugawane sawa kwa sawa."