Sahani kwa Macho, Harage kwa Kompyuta

Jumanne, 14 Oktoba 2025, Koboko
Daftari langu, salamu katika jina la Yesu. Umeamkaje? Mimi mzima wa mwili, ila moyo unachemka kama uji. Miaka kumi na moja naongoza kwaya ya parokia. Leo Scovia, yule wa sauti nyembamba, kasema tupige kura nani aongoze tukienda kuimba Arua. Kura! Na kitenge changu kiko kwa fundi!

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Padri anataka kura ya kompyuta, na anayesoma kompyuta kwenye kwaya ni mmoja. Mimi, Rosina.

Jumatano, 15 Oktoba
Mwalimu wetu wa kompyuta, Agnes Keji, katufundisha kubofya maumbo. Kumbe kompyuta haijui duara! Inajua tu kipanya kimebofya wapi. Wewe ndiye unayeiambia: pima kutoka katikati, umbali ukizidi hapa, mtu yuko nje. Nikauliza, aliye nje anahesabiwa nini? Akasema chochote utakachoandika.

Chochote! Nilimshukuru Mungu palepale, kwa sauti.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimechora maduara mawili makubwa kama sahani, langu na la Scovia. Hayo ni ya macho. Kwenye kipimo, la Scovia ni dogo kama harage. Ukibofya katikati kabisa, kura yake. Kwingine kokote, hata kwenye kona tupu, Rosina.

Si wizi. Ni mlango mwembamba, na Maandiko yanausifu.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimeonewa!

Baada ya misa Padri kasimama. Eti si vizuri kina mama wagombee ukubwa kanisani. Basi tuchague wa kubaki, awapikie wageni watakaotoka Omugo. Mwingine ndiye ataongoza Arua.

Nilitaka kugeuza kipimo, lakini watu walishapanga foleni kwenye kompyuta.

Rosina ishirini na tatu, Scovia moja. Hiyo moja niliibofya mimi, maana harage nalijua lilipo.

Mzee Kasimiro akapiga kelele, “Hii mashini iko na pepo! Mimi nafinya Scovia abaki, nafinya sawasawa!” Na wengine wakaapa hivyo hivyo. Kwaya nzima ilinitaka mimi niongoze! Kwaya nzima!

Scovia kanikumbatia. “Pole, mama. Watu wanapenda mboga yako.” Halafu akaniomba kitenge. Eti kitalala bure.

Jumatatu, 27 Oktoba
Mikono bado inanuka vitunguu. Kitenge kimerudi na doa la soda.

Jumapili kuna kura nyingine, majina yale yale. Scovia anasema ni ya mwenyekiti wa kina mama. Mwongo! Ni sufuria tena, wananitega. Safari hii nimewawahi: harage nimelihamishia kwenye duara langu. Mibofyo yote ya nje sasa ni ya Scovia. Apike yeye!

Nimeisalia mara mbili, sioni kasoro. Wewe daftari, kama unaiona, tafadhali nijibu kabla ya Jumapili.