Ombi la Kurudisha Makopo Bwaloni

Kwa Mwalimu Mkuu, ambaye pia ni dada yangu wa tumbo moja,

Heshima yako mbele, undugu wetu nyuma kidogo.

Juzi nilipokufuata nyumbani ulinijibu kwamba kama nina malalamiko niyaandike kwa utaratibu, na kikao cha wazazi cha Ijumaa kitayasikiliza kabla ya kuamua kama wanafunzi waendelee kulishwa mboga zinazolimwa hapa hapa mtaani. Haya, nimeandika. Naandika kama mzazi, wala si kama mwenye duka aliyekuletea makopo miaka yote ile kabla hujamtupa jalalani. Sina kinyongo. Mtu aliyetupwa na dada yake kwa ajili ya karoti atakuwaje na kinyongo?

1. Mboga hizi hazina tarehe ya mwisho wa matumizi. Mtunza stoo wako, mtu makini kuliko wote mlio nao, siku ya kwanza alikataa kupokea kabichi kwa sababu stoo ya shule haiingizi chakula kisichoandikwa tarehe. Alizigeuza moja moja: juu hakuna, chini hakuna. Mwishowe akazigonga muhuri wa shule, na watoto wakala kabichi zilizoandikwa IMEPOKELEWA. Mwanangu alirudi nyumbani na wino wa bluu mdomoni. Makopo yangu yalikuwa na tarehe, Dada. Ilikuwa imepita, lakini ilikuwepo.

2. Mboga hizi hazina msimamo. Leo karoti imenyooka, kesho imekunja miguu. Njegere za kopo zilikuwa na ladha ile ile mwaka mzima, na mtoto aliingia bwaloni akijua kabisa kitakachomchukiza. Sasa wanaingia mbio, eti hawajui watakuta nini. Nidhamu gani hiyo?

3. Wanaomba kuongezwa. Enzi za makopo chakula hakikupungua hata siku moja, tena kilibaki. Leo mpishi anakwangua sufuria na foleni bado imesimama. Huo ni uhaba wa chakula, na umeuleta wewe.

4. Watoto wameanza kuuliza maswali. Mwanangu, darasa la tatu tu, alichukua kopo la maharage mezani akasoma lebo kwa sauti mbele ya wageni, akapiga hesabu, akagundua kwamba maharage yale yamemzidi umri mdogo wake. Hakuishia hapo. Akataka nimwambie yalilimwa na nani. Hivi mimi nitajuaje? Baba mzima nikabaki namwambia ale anyamaze, naye hakula wala hakunyamaza.

5. Sasa nafika kwenye donda lenyewe, yaani huyo unayemwita kwenye vikao vyako "mkulima wetu". Wenzio wanapiga makofi, lakini ni Mama. Tangu tumzike Baba, Mama alikuwa hana usumbufu wowote. Alikaa chumbani, pazia limefungwa, nami nikijua pa kumpata saa yoyote. Nikimpelekea chakula, nakikuta pale pale kimepoa; haulizi chumvi, halaumu aliyepika. Nani ana mama mtulivu kiasi hicho? Ukaja wewe na shule yako, ukamwambia kile kiwanja nyuma ya nyumba kinaweza kulisha bwalo zima. Sasa nikimpigia simu hapokei. Yuko jikoni kwako anagombana na mpishi kwamba vitunguu vinakatwa vinene. Shule nzima inamwita Bibi Karoti, na mwanangu mwenyewe akitaka kumwona bibi yake anapanga foleni. Wiki iliyopita kanituma samadi. Mimi! Nimeibeba kwenye buti ya gari lile lile la makopo, na wateja siku hizi wananisalimia kwa mbali.

Kwa hiyo naomba makopo yarudi. Kiwanja kimwagiwe zege ili kisimshawishi tena mtu wa umri wake. Na Mama arudishwe chumbani akiwa mzima, kama alivyochukuliwa. Ukiona hayo ni mengi, basi shule ipige marufuku hamu ya kula saa za masomo, maana ndiyo chanzo cha yote.

Niishie hapa, mkono wenyewe umechoka kwa uchungu. Nisalimie shemeji, nisalimie mpishi na mtunza stoo pamoja na muhuri wake, na watoto wote wasionijua mimi ila wanamjua mama yangu.

Ndimi mzazi mwenye masikitiko, na mdogo wako ukitaka,
Mwenye Duka

Nyongeza: Dada, usiisome barua hii kwenye kikao. Nilikuwa natafuta bahasha, Mama akaingia dukani na udongo mpaka viwikoni, akavuta kiti akakaa, akasema ana njaa. Mama! Ana njaa! Tangu msiba sijalisikia neno hilo kinywani mwake. Nikageukia ukutani nikajifanya napanga bidhaa. Nilipomwonyesha rafu zangu aliangalia makopo, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akashika mbavu. Ijumaa mkono wangu utakuwa juu pamoja na wako. Barua nakuletea mwenyewe sasa hivi, na bakuli mkononi. Ukimaliza kuisoma ichane, halafu nijazie bakuli.