Naomba Kujua Jinsia ya Yeye

Ndugu Mhariri wa Riwaya,

Pokea heshima zangu, ingawa unanivunjia nyumba. Mimi ni fundi kufuli. Hakuna mlango mtaani ulionishinda, isipokuwa wa stoo ya nyumbani kwangu. Humo ndimo mama watoto anajifungia kila asubuhi tangu asome riwaya yenu ya yule mwanamke aliyeacha sufuria jikoni akaenda kutafuta nuru ya ndani. Komeo nililiweka mimi mwenyewe. Alinisifia kidogo tu, nikasahau kuuliza kwa nini stoo ifungwe kwa ndani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitabu kizima mwanamke huyo anakutana na mtu aitwaye Yeye. Yeye alimjia, Yeye alimjua. Lugha yetu, kama ujuavyo, haisemi hapo kama ni mwanamume au mwanamke. Nimepekua kurasa mia mbili na arobaini nikitafuta ndevu, sikuziona. Mwalimu jirani yetu anasema ni Mungu. Mama mkwe anasema ni nafsi ya mwanamke mwenyewe. Kinyozi wangu, ambaye hajakisoma, anasema ni dereva. Mimi namwamini kinyozi.

2. Mama watoto akitoka stoo anatabasamu. Nikimwuliza alikuwa na nani, anajibu, "Na Yeye."

3. Chai najipikia. Ningevumilia, lakini watoto wanasema yangu ni tamu zaidi, na hilo linaniharibia kesi.

4. Shoga zake watano wameniletea kazi ya makomeo. Waume zao hawanisalimii tena.

Kwa hiyo, katika toleo lijalo, kila penye Yeye naomba liwekwe jina kamili, kazi na anwani, nimfuate tuyamalize kiume. Nakuambia ukweli, Ndugu Mhariri, naogopa. Siku moja atatoka humo ndani akiwa hanihitaji.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mwandishi mwenyewe, japo kwa mbali.

Ni mimi,
Fundi Kufuli

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimeurudia ukurasa wa mwisho, nisije nikamsingizia mtu. Mwanamke anasema Yeye alimwita kwa jina lake wakati wengine wote wameshalisahau. Nikamwita mama watoto kwa jina lake, lile la kwenye cheti cha ndoa. Akageuka kuangalia nyuma yake, kuona ni nani anayeitwa. Tafadhali, msibadilishe hata neno moja.