Usaili kwa Mzee Damien

Jumamosi, 24 Novemba 2018

Jocelyne ameitwa usaili! Kile chuo cha Marekani anachokitaka binti yangu, kile kinachochukua watu wachache na kuwaandikia wengine wote barua za upole, kimejibu. Mtu aliyewahi kusoma huko na anayeishi Johannesburg atakaa naye, amsikilize, kisha awaandikie wakubwa maoni yake. Anaitwa Mzee Damien. Mkongo! Wa Bukavu kama sisi! Anakaa Randburg, ghorofa ya nne. Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri.

Nilipiga vigelegele mpaka mteja niliyekuwa namsuka akashika kichwa. Jocelyne akaniomba, kwa Kiingereza, nisimwaibishe. Mimi?

Jumapili, 25 Novemba

Furaha imeingia mdudu. Baada ya ibada alinijia Jeptoo, yule Mkenya wa benki, meno yote nje. Lorraine wake naye ameitwa. Chuo hicho hicho, mzee huyo huyo, siku hiyo hiyo. Saa nane, yaani kabla ya Jocelyne! Lorraine ana piano, ana mwalimu wa kuogelea. Jocelyne ana mimi.

Nikamkumbatia Jeptoo kwa nguvu. Nikaanza kufikiri.

Alhamisi, 29 Novemba

Mpango tayari. Nimempigia Jeptoo kwa sauti ya huruma. Nikamwambia kwamba Mzee Damien namfahamu tangu Bukavu. (Sijawahi kumwona.) Nikamwambia ni mtu wa zamani, anachukia wageni wanaofika kwa saa, anaona wanamharakisha. Lorraine achelewe dakika arobaini, atapendwa. Jeptoo na shahada zake mbili akanishukuru, akasema Mungu anibariki. Nikasema amina.

Jumamosi, 1 Desemba

Mpango umefaulu. Basi mbona mgongo wangu una baridi?

Umeme ulikuwa umekatwa, lifti imekufa, tukapanda ngazi. Ghorofa ya tatu tukakutana na Jeptoo na Lorraine wakishuka. Mzee hakuwafungulia. Alisema tu, kutoka nyuma ya mlango, kwamba saa ya Lorraine imeshapita. Mtoto alikuwa analia. Nikampa kitambaa changu, kile kizuri.

Jocelyne alipobisha, mlango ukafunguka kabla ya mkono wake kushuka. Mzee mrefu, mwembamba, amevaa skafu ya sufu ya kijani na nyeupe. Joto la leo lilikuwa la kuyeyusha lami! Nyuma yake niliona saa za ukutani, tano kwa idadi, zote zinasema saa mbili. Kulinukia mkate wa kuchoma na kahawa.

“Karibu, mwanangu,” akamwambia. “Umewahi. Ndiyo kwanza kumekucha.”

Mama wa msailiwa angoje nje, akasema. Nikangoja. Sikio kwenye mlango, bila shaka. Sikusikia swali hata moja. Nilisikia sauti yake tu, laini, haipumziki, kama mtu anayemwelekeza mwingine njia ya kurudi nyumbani. Kwa muda wa saa mbili na nusu!

Jocelyne alitoka akiwa na skafu mkononi, ile ile ya kijani na nyeupe. Nilimuuliza aliulizwa nini. Akasema hakumbuki kuulizwa. Ndani ya teksi alijifunga skafu shingoni. Tuliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, karibu na kwetu Hillbrow, akanishika mkono.

“Maman, sikia. Kengele.”

Nilisikia honi. Nilisikia mtu anauza mahindi. Kengele, hapana.

Jumatano, 5 Desemba

Jocelyne anakunywa chai ya asubuhi saa tisa alasiri. Nilimwambia asubuhi imekwisha zamani. Akasema huko ndiyo inaanza.

Huko! Kabla ya usaili alikuwa anakitaka chuo kile kama anavyotaka viatu vipya. Sasa anakizungumza kama mtu aliyezaliwa pale. Anasema theluji ya kwanza inakuja bila sauti. Anasema maktabani usikanyage ngazi ya tatu, imepasuka. Jana alivuka chumba chetu kutoka kitandani hadi jiko, na katikati, mahali pasipo na kitu, akainua mguu juu kidogo. Akapita.

Nilicheka. Leo asubuhi nikiwa nabeba maji ya moto nikagundua na mimi nimeinua mguu pale pale.

Jumapili, 9 Desemba

Nitaandika kidogo kidogo.

Jocelyne alitoka kanisani akaenda Randburg. Nilimuuliza kwani usaili haujaisha. Akasema watu huenda Jumapili. Watu gani? Alikuwa ameshaondoka.

Nikapanga. Nikajaza mfuko rasta za kusukia, nikamfuata, nikabisha kama fundi wa nywele anayetafuta wateja. Mpango mzuri kabisa. Mzee Damien alifungua, akasema, “Mama Jocelyne, ingia, utashikwa na baridi.”

Mle ndani mlikuwa na watu kama kumi na watano. Watu wazima! Muuguzi, mlinzi bado na sare yake, mwanamume mwenye mvi, wote na skafu shingoni, wote na vikombe vya kahawa. Mapazia yamefungwa. Jocelyne wangu katikati, anatabasamu. Nilimuuliza yule wa mvi anasoma wapi. Akasema alisailiwa na Mzee mwaka 1999, akakataliwa. Muuguzi alisailiwa 2006, akakataliwa. Mlinzi 2011. Wote barua za upole. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga chuo kile. Mzee peke yake, zamani, miaka minne, akarudi.

Na walikuwa wanakikumbuka! Walibishana kwa upole dirisha lipi hupata jua kwanza. Mlinzi alisema kuna mti uliopigwa na radi wakati wa mitihani. Wote wakaguna kwa huzuni, kama tunavyoguna kwa marehemu. Kila aliyefungua kinywa, nikaona moshi unamtoka. Desemba! Johannesburg! Mimi nilikuwa nimeingia na jasho hadi kisogoni.

Nikasema, “Jocelyne, inuka tuondoke.”

Hakuinuka. Mzee akanigeukia. Si mtu mbaya, hilo niandike. Macho yake yana majonzi ya mtu aliyesahaulika kituoni.

“Na wewe, Mama Léocadie,” akaniuliza, “ulikuwa unakaa jengo gani?”

Nilitaka kusema Hillbrow. Nilitaka kusema nasuka nywele, sikumaliza hata sekondari. Nikasikia mdomo wangu unasema, “Lile la karibu na mto. Juu.”

Wakapiga makofi wote. Mtu akanivisha skafu.

Na ilikuwa na joto zuri sana.

Jumamosi, 15 Desemba

Barua imefika kwenye kompyuta. Jocelyne amekataliwa. Upole mtupu, kurasa nzima.

Alisoma mara mbili. Akalia kama mtu, kwa kelele, na makamasi. Nilimshika kichwa mapajani kama alipokuwa na miaka minne. Akalala. Alipoamka akaoga na kusema alikipenda chuo kile kwa sababu Mzee alikipenda, na mapenzi yenyewe yalikuwa ya Mzee, si yake. Akakunja skafu, akaniambia niirudishe pamoja na yangu, na nisikae. Nilimuuliza kuhusu kengele. Akasikiliza kidogo. Hakuna, akasema.

Mimi nilikuwa naisikia wakati ule ule anaongea. Sikumwambia.

Kisha Jeptoo akapiga simu. Lorraine amekubaliwa! Kwa kuwa Mzee alikataa kumwona, chuo kilimpa mtu wa ofisini azungumze naye kwa kompyuta. Dakika kumi na tano. Mbwa alibweka muda wote. Jeptoo anasema Lorraine hata hakufurahi sana, anaona ni shule tu kama shule nyingine, ila atakwenda. Akanishukuru tena kwa ule ushauri wa kuchelewa.

Kwa mikono yangu mwenyewe! Nilikaa sakafuni kwa muda.

Jumapili, 6 Januari 2019

Matokeo ya mitihani yametoka na Jocelyne amepasua. Chuo kikuu cha hapa Braamfontein kimemchukua, uhandisi. Atakwenda kwa miguu! Ameshanunua madaftari, anaimba bafuni, anakunywa chai asubuhi ya kweli.

Aliniuliza kama nimerudisha skafu. Nikasema ninakwenda kuzirudisha leo.

Nilikwenda. Nilirudisha moja. Kiti cha karibu na dirisha huwa anakikalia muuguzi, na ndicho chenye joto. Nikamwambia kuna mtu anamwita chini, amegonga gari lake. Hana gari, lakini alishuka. Nikakaa.

Jumapili, 8 Septemba 2019

Siku nzuri. Asubuhi, baada ya ibada, Jeptoo alinivuta kando kunionyesha picha. Lorraine amefika chuoni. Hapa yuko mbele ya maktaba. Hapa na wenzake. Hapa kwenye uwanja.

Niliziangalia kwa makini, moja moja, nikazikuza kwa vidole. Maktaba ya vioo, mlango sawa na ardhi, haina ngazi hata moja. Mnara wa kengele hakuna. Nilimwomba Jeptoo amuulize mtoto mto uko upande gani. Akamwandikia pale pale, jibu likaja upesi: hakuna mto, kuna maegesho ya magari.

Jocelyne alikuwa amesimama nasi, vitabu kwapani. Alinitazama, akaniambia polepole, kwa Kiswahili, jambo asilolifanya siku hizi, “Maman, twende nyumbani. Leo usiende.”

Nikamwambia aende, nitamfuata. Kisha nikamshika Jeptoo mabega, maana nilimwonea huruma ya kweli. Nikamwambia asitishike, hutokea, nchi ile ni kubwa na mabango yanafanana. Mtoto wake amepotea njia. Amefika chuo kingine.

Jeptoo alichukua simu yake akaondoka haraka, nadhani kwenda kumwarifu baba Lorraine.

Haidhuru, nimeshapata mpango. Likizo ya Desemba Lorraine akija, nitampeleka mwenyewe Randburg. Nimeongea na Mzee leo, amekubali kumsaili upya. Safari hii nitahakikisha anafika kwa saa.