Mama Mkwe Darasa la Nne

Jumatatu, 4 Machi
Simu kutoka makao makuu, hata kiti sijakipasha moto. Wilaya yangu ya mwisho tena. Si kwa alama tu, hata kwa vichwa. Wanafunzi wanapungua, ruzuku inafuata wanafunzi, na wilaya isiyo na wanafunzi haina haja ya afisa elimu. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akikuta madawati matupu, tunamezwa na wilaya jirani.

Afisa elimu wa wilaya jirani ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Jana mezani aliniuliza kama kiti changu cha ofisini kinazunguka. Nikamwambia kimekwama. Uongo. Kinazunguka vizuri sana.

Mke wangu hakucheka. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza, katika shule ile ile atakayokuja mkaguzi. Tukimezwa, shule itafungwa, na wanafunzi wake watavuka barabara kuu kila asubuhi, pale malori yasipopunguza mwendo.

Jumanne, 5 Machi
Nimezunguka mtaa kwa mtaa kutafuta watoto. Hakuna. Kiwanda cha nyuzi kilipofungwa, vijana waliondoka na watoto wao. Waliobaki ni wazee, paka na fundi viatu, ambaye naye ni mzee. Kaniuliza natafuta nini. Nikasema wanafunzi. Akasema yeye aliishia darasa la tatu, kama nafasi ipo atakuja, mradi asikae dirishani, baridi inamsumbua kiuno.

Nilicheka njia nzima. Kufika mlangoni nikaacha. Mkaguzi anahesabu vichwa. Nani kasema vichwa visiwe na mvi?

Jumatano, 6 Machi
Habari imeenea. Wazee wamekuja wengi kuliko nilivyotegemea. Nimewaandikisha wote darasa la nne, shuleni kwa mke wangu. Kwenye umri nimewapa miaka kumi kila mmoja. Fundi viatu kaomba kumi na mmoja, kwa heshima ya ndevu. Nimemkubalia.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mkwe. Amechoka kusomewa ujumbe wa simu na majirani, ambao anasema wanaongeza ya kwao. Kumkatalia ni kugombana na nyumba nzima. Tena ni mama mzazi wa shemeji. Utamu wa jambo hili nauweka moyoni.

Mke wangu kauliza kwa nini nisiwaandikishe waziwazi kama watu wazima. Nimemwambia mambo ya ofisi hayajui. Kamchukua mama yake jikoni, wakafundishana herufi huku wakichambua mboga.

Alhamisi, 7 Machi
Pigo. Nilisahau alama. Mkaguzi anaangalia na wastani, na leo mwalimu wa darasa la nne kawapa jaribio la hesabu. Wastani umeanguka na haujaamka. Fundi viatu kajibu kila swali kwa swali: machungwa hayo ni ya nani, na kwa nini yagawanywe? Mama mkwe kanakili kila kitu kwa binti aliyekaa naye, pamoja na jina la binti.

Mkakati mpya. Watoto mbele, wazee nyuma. Wasinyooshe mkono. Wasikohoe. Wakiulizwa, waseme darasa la nne, basi.

Jioni shemeji kapiga simu. Eti kesho atamsindikiza mkaguzi, ili yeye azoee mazingira.

Ijumaa, 8 Machi
Mkaguzi ni mama mfupi, mwenye miwani na sauti ya upole. Watu wa namna hiyo nawaogopa. Shemeji nyuma yake, kanyoa, kavaa suti. Mkaguzi kalitazama darasa, kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Kisha akaenda moja kwa moja nyuma.

“Shikamoo mama. Uko darasa la ngapi?”

“Marahaba mwanangu. La nne.”

“Na umri wako?”

“Mkwe wangu anasema nina miaka kumi. Mimi simbishii, ni mtu wa ofisi.”

Fundi viatu akakohoa. Ndipo shemeji alipomtambua mama yake, akamuuliza anafanya nini hapa. Mama mkwe akamwambia akae chini, mwalimu hajampa ruhusa ya kusema. Akakaa. Dawati lilikuwa la mtoto, suti ikaachia mshono.

Mkaguzi hakucheka. Akamwomba mama mkwe asome chochote. Akaenda mbele, akasoma jina lake mwenyewe kwenye orodha ya darasa ubaoni, herufi moja moja, kwa kidole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, aligeuza uso.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ramani.

Jumamosi, 9 Machi
Mkaguzi kapiga simu. Hatumezwi. Elimu ya watu wazima ina fungu lake, limekaa miaka bila mtu kuliomba. Ningeomba kwa njia ya kawaida ningepewa, bila kumfanya bibi wa watu mtoto. Fungu hilo litaiweka shule wazi, na watoto hawatavuka barabara. Msimamizi wa darasa la watu wazima ni mke wangu. Mimi nimepata onyo kali. Shemeji hakuja kula. Mama mkwe kamzuia mpaka akamwombe mwalimu radhi.

Jumapili, 10 Machi
Nimemwapia mke wangu, mama yake akisikia: sitadanganya tena umri wa mtu yeyote. Nimejisikia mwepesi siku nzima.

Mchana nimekutana na mkunga wa zahanati. Anasema mwaka huu wajawazito wamekuwa wengi, hajawahi kuona. Nimemuuliza kama wote ni wa wilaya yetu. Wote.

Kesho naanza kuwaandikisha. Kwenye umri nitaandika sifuri kasoro miezi kadhaa. Huo si uongo. Mkunga kahesabu mwenyewe.