Kabati Lililomeza Kiti cha Baba Nzau

Hurlingham, Nairobi
16 Agosti 2004

Kwa Bwana Pritam Singh,
Karakana ya Mbao, Ngara.

Bwana Pritam,

KUH: OMBI LA KUHARIBIWA KABATI LANGU

Natumaini wewe na Mama Gurleen ni wazima, na vidole vyako vyote kumi bado viko mbali na msumeno. Mimi ni mzima pia, ila sina raha, na aliyeniondolea raha ni wewe.

Utakumbuka kwamba mwezi wa Juni ulinijengea kabati la ukutani chumbani, kutoka sakafuni hadi darini, milango minne, droo kumi na mbili. Nililiagiza mwenyewe mwezi wa Januari, mume wangu Ngui, Baba Nzau, akiwa hai, na nilikueleza sababu mbele yake: nataka kile kiti kiondoke. Kilikuwa kiti cha jikoni. Mwaka wa 1979 kilihamia kando ya kitanda chetu, na tangu siku hiyo Baba Nzau hakutundika nguo tena. Koti juu ya shati, sweta juu ya koti, hata ikifika Ijumaa kiti kilionekana kama mtu mnene aliyekuja kusubiri chai. Nilipigana nacho miaka ishirini na mitano. Kabati lilikuwa silaha yangu ya mwisho.

Mwezi wa Aprili Baba Nzau akafariki. Ulisimamisha kazi bila kuombwa, ukaja matangani pamoja na Mama Gurleen na sufuria kubwa ya dengu, na mwezi wa Juni ukanipigia simu: "Mama Nzau, kabati iko tayari. Tulete ama tungoje kidogo?" Nikasema leteni. Kiti kikakosa nafasi, kikaondoka kwa mkokoteni pamoja na takataka za mbao. Siku hiyo niliona sawa tu.

Sasa haya ndiyo malalamiko yangu. Nimeyapanga kwa nambari, maana tangu kabati lije nimekuwa mtu wa kupanga.

1. Kabati halina kasoro, isipokuwa moja nitakayoitaja. Nimefungua droo ya soksi mara nyingi nikiomba ikwame hata siku moja. Inateleza kimya kimya, kama mtu aliyechelewa kanisani. Bwana Pritam, binadamu hawezi kuishi na kitu asichoweza kukigombeza. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa na kazi ya kugombeza kile kiti na Baba Nzau mwenyewe. Niliifanya kwa bidii, bila likizo. Umenistaafisha bila hata barua ya onyo.

2. Zamani, ili kupata miwani ya Baba Nzau, tulichimba. Chini ya sweta tulikuta karanga, kalamu ya ofisi, na mara moja kadi ya mwaliko wa harusi ya watu ambao tayari walikuwa na mtoto anayetembea. Siku hizi kila kitu kiko mahali pake. Ikifika saa moja nimeshavaa, sina la kutafuta, nakaa kitandani naitazama milango nayo inanitazama. Ulipopima chumba, hizo asubuhi ulizipima kwa futi gani?

3. Baba Nzau alikuwa na koti la kijivu. Kila Jumamosi alikwenda nalo "mkutanoni", na kila Jumamosi lilirudi likinuka moshi wa nyama ya Kenyatta Market. Sikuwahi kumwambia kwamba najua. Wewe ukapanga mbao za mwerezi ndani ya kabati ili kufukuza nondo. Nondo wamekimbia, na Kenyatta Market imekimbia nao. Nikitia pua kwenye kola, nanusa penseli mpya.

4. Jirani yangu Virginia amegeuza chumba changu kuwa maonyesho. Alhamisi alileta wanakwaya watano, wakavua viatu mlangoni. "Oneni, jamani, hata mikanda iko na nyumba yake!" Mmoja akatikisa kichwa akasema, "Huyo mzee lazima alikuwa msafi sana." Kabati lako linamsingizia marehemu. Mtu aliyekwenda kazini miaka yote na soksi zisizofanana sasa anasifiwa unadhifu, na hayuko hapa kujitetea.

5. Kasoro yenyewe ni hii. Nyuma ya mlango wa nne, chini, kuna kibao chenye kifundo cha shaba kisichofungua kitu. Nimekivuta, nimekizungusha, wapi. Nilipokupigia simu ukauliza, "Kwani Mama hajaona?" Nikakwambia nimeona vizuri sana, ni kifundo cha bure. Ukakohoa mpaka nikakuonea huruma, kisha simu ikakatika.

Kwa hiyo naomba mambo machache tu. Kwanza, droo tatu ziharibiwe kwa ustadi uleule uliotumika kuzitengeneza, zikwame hasa Jumapili tukichelewa ibada. Pili, mwerezi ung'olewe, na kabati lifukizwe moshi wa mbuzi siku mbili. Najua nyumbani kwenu hamli nyama, kwa hivyo kazi hiyo nitawaitia wachomaji wenyewe waje na jiko lao. Tatu, kile kifundo kiondoke. Nne, nirudishiwe kiti. Ikiwa kimekwisha kuwa kuni, nitengenezewe kingine kibovu vilevile, mguu mmoja mfupi.

Hayo yakishindikana, njoo Jumatatu na msumeno uling'oe kabati lote, unirudishie fujo yangu. Nimemwarifu Virginia, naye amelia.

Msalimie sana Mama Gurleen. Mwambie sufuria yake ninayo, imesuguliwa, naona tu haya kuirudisha tupu. Nikipata mbaazi nzuri kutoka nyumbani Machakos nitaileta. Wasalimie mafundi wote, na yule anayepiga mluzi akipiga randa umsalimie mara mbili.

Ni mimi ninayekulalamikia kwa heshima zote,

Kaluki Ngui (Mama Nzau)

Nyongeza: Usije Jumatatu.

Niliinama kutafuta bahasha ya barua hii (droo ya tatu kutoka chini, na bila shaka ilikuwemo). Wakati wa kuinuka magoti yakakataa, nikajishikiza kwenye kile kifundo kwa uzito wangu wote. Kumbe hakivutwi, kinakandamizwa chini! Kibao kikalala taratibu, miguu miwili ikachomoza, na mbele yangu kikasimama kiti. Upana uleule, kimo kilekile. Na juu yake, kwa penseli, mwandiko wa Baba Nzau, ule unaoegemea nyuma kama mtu anayevutwa shati:

"Singh, hapa usipunguze hata kidogo. Mama Nzau asiambiwe, akione mwenyewe. Atapiga kelele, halafu atazoea. 2 Machi."

Kumbe mlinichezea wawili! Sasa nimeelewa kikohozi chako. Na kelele nimepiga, Bwana Pritam, mpaka Virginia amekuja mbio na mwiko mkononi, akanikuta sakafuni nikicheka.

Koti la kijivu nimeshaliweka juu ya kiti, na sweta juu ya koti. Kesho saa kumi na mbili na nusu narudi kazini.